Kaka anataka nikaape kwamba wifi hakutuma hata shilingi

Shikamoo mama,

Naomba usinitaje jina. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36, naishi Pasua hapa Moshi. Mtoto wangu wa kumzaa ni mmoja na yuko bweni. Nakuandikia kuhusu wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, aliyeondoka akaacha watoto wawili na sasa amerudi anawataka.

Aliondoka Januari 2020, wiki ile shule zilipofunguliwa. Kaka ni dereva wa malori, siku hiyo alikuwa safari ya Tunduma. Walikuwa wamepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Asubuhi wifi akaniletea mdogo akiwa amembeba mgongoni, ana mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Akasema, "Wifi nishikie huyu, nakimbia Kiboriloni mara moja nikaangalie nguo za kuuza." Akaniachia chupa ya uji na kanga mbili. Uji ulikuwa mwingi. Nikajiuliza mbona mwingi hivi kwa safari ya Kiboriloni, nikapuuza. Mkubwa alikuwa shule, darasa la pili.

Jioni simu haipatikani. Kesho yake haipatikani. Mdogo alilia siku nne, usiku na mchana, anapekua kifua changu na mimi sina kitu cha kumpa. Mama, kile kilio sijakisahau, na nadhani ndicho kinachonifanya nishindwe kumsamehe wifi hadi leo.

Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, nikabaki na watoto watatu ndani, wateja hakuna, kaka yuko barabarani. Septemba ndipo wifi akapiga, namba ndefu ya nje. Kumbe yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Akaanza kulia. Nikamkatia.

Tuliitana kikao nyumbani Kibosho. Wazee wakasema mwanamke aliyeacha mtoto kwenye titi huyo siyo mama, na asitajwe tena. Mama yetu akasema afadhali mtoto ajue mama yake amekufa. Ndivyo tulivyomwambia mdogo alipoanza kuuliza. Mkubwa anajua ukweli ila aliambiwa anyamaze, naye akanyamaza kweli, hadi wakati mwingine ananitisha.

Mwaka 2022 kaka alioa mwingine, wanaishi Himo. Watoto walibaki kwangu kwa sababu mke mpya naye amekuja na wake. Kaka akipata safari nzuri analeta hela, miezi mingine haleti. Simlaumu, kazi ya malori siku hizi ni ngumu. Nisiwe mwongo pia, kaka ana hasira. Kabla wifi hajaondoka alimpiga mkono ukavunjika, lakini ilikuwa bahati mbaya, alikuwa amekunywa na wifi naye ana mdomo. Tukayamaliza kifamilia.

Wifi alirudi mwishoni mwa mwaka jana. Amepanga vyumba viwili Sakina, Arusha, anauza vitenge na madera soko la Kilombero. Mwezi wa tano akaja kwangu, sikumfungulia geti. Mdogo alikuwa anacheza uani, akachungulia, akaniuliza, "Mama, yule mama ni nani?" Mimi ananiita mama. Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa mtaa akaleta samansi ya kaka. Wifi ameomba mahakamani akae na watoto.

Kaka amepandisha. Anasema mdogo ametimiza miaka saba mwezi wa sita, na mtoto wa miaka saba ni wa baba, hakuna hakimu wa kubishana na hilo. Tena ni mtoto wa ukoo, kihamba chake, shamba la ukoo, kiko Kibosho. Anataka mimi niwe shahidi wake: niape kwamba wifi alikuwa malaya, hakuwahi kupiga simu, wala hakutuma hata shilingi moja. Nisipofanya hivyo nimesaliti damu.

Lakini mama, alituma. Alikuwa anamtumia rafiki yake Dar, yule ananirushia kwa M-Pesa. Nilipokea mara tatu, nikanunua sare na godoro. Kaka alipojua aliibamiza simu yangu ukutani, akasema hela ya mwanamke aliyekimbia isiingie nyumbani kwake. Nyumba yenyewe kodi nalipa mimi. Baada ya hapo kila ikija nairudisha.

Krismasi iliyopita tulipanda Kibosho kama kawaida. Mdogo akawa anazunguka kwenye makaburi nyuma ya migomba, anasoma majina herufi moja moja maana ndiyo kwanza amejua. La babu, la bibi mkubwa, la baba mdogo. Akaja jikoni akaniuliza, "Kaburi la yule mama mwingine liko wapi?" Jiko zima kimya. Mkubwa akatoka nje.

Na wiki iliyopita, ndani ya kitabu cha nyimbo cha mkubwa, nimekuta karatasi yenye namba ya simu. Nikaipiga kwa simu ya jirani. Ni wifi.

Tarehe ya kwanza ya kesi ni mwezi ujao. Mwanamke kama huyo anastahili kupewa watoto? Na mimi niende kuapa au nisiende?

Shangazi wa Pasua

*

Marahaba mwanangu.

Usiende kuapa uongo. Hili nakujibu kwanza kwa sababu tarehe iko karibu. Kiapo cha uongo mahakamani ni kosa la jinai na watu wanafungwa kwalo, na siku hiyo kaka yako hatakuja kukusaidia kukaa ndani. Halafu uongo wenyewe aliokutungia ni wa kukamatwa mchana kweupe. M-Pesa haina ukoo. Rafiki wa Dar ana meseji zake, wifi yako ana zake, na kampuni ya simu ina kumbukumbu. Watakusomea tarehe na kiasi mbele ya hakimu, ile ya kupokea na ile ya kurudisha, na kuanzia hapo hata ukweli utakaousema hautasikilizwa. Nami sitaki upoteze sauti yako katika jambo hili, kwa sababu ni wewe uliyelala na hao watoto miaka mitano na nusu. Si kaka yako, si wifi yako, si wazee wa Kibosho.

Sasa tuzungumze.

Barua yako niliisoma jioni nikawa upande wako moja kwa moja. Ule uji ulinikaba koo. Mtu anayepika uji mwingi kiasi kile anajua harudi jioni, na akakutazama usoni akakwambia Kiboriloni. Nililala nikiwa nimemhukumu tayari. Asubuhi nikaisoma tena, nikasimama pale ulipopita mbio. Kilio cha mtoto umekieleza ukanifanya nikisikie. Mkono uliovunjika umeupa sentensi moja, tena ukaifunika na "wifi naye ana mdomo".

Mdomo hauvunji mfupa. Mlipompeleka hospitali, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ilichukuliwa, au mlisema ameteleza bafuni? Unasema mliyamaliza kifamilia. Mliyamaliza nyinyi, yeye akabaki na hogo la plasta mkononi na mtoto mgongoni. Miezi mingapi ilipita kati ya mkono ule na uji ule? Wewe unajua, mimi sijui, lakini ningekuwa wewe ningekaa nihesabu kabla ya kukanyaga mahakamani, kwa sababu swali hilo litaulizwa.

Simtakasi wifi yako. Upande wake sijausikia na sitamsemea. Inawezekana alikuwa na njia nyingine, kwa mfano kurudi kwao na watoto, ingawa wote tunajua msichana aliyetolewa mahari anavyopokelewa akirudi kwao na watoto wawili. Inawezekana simu yake ilishikwa na matajiri wake kule Muscat, mambo hayo yapo. Lakini huyo mkubwa alitoka shule na begi mgongoni, darasa la pili, akakuta mlango umefungwa, na hadi Septemba hajasikia hata sauti ya mama yake. Hilo ni deni lake wifi, na kuvunjwa mkono hakulifuti. Ninachokataa ni kwamba anadaiwa na wazee. Wanaomdai ni watoto wawili, na wao hadi sasa hakuna aliyewauliza.

Nikuchekeshe kidogo, ingawa si ya kuchekesha. Baba yangu mdogo, kwetu Machame, aliondoka mwaka 1971 kwenda Mombasa kutafuta. Aliacha watoto wanne. Barua zilikuja mbili. Alirudi mwaka 1983 na redio kubwa na jino la dhahabu, akachinjiwa mbuzi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa siku mbili, na mama mdogo akaambiwa amtandikie kitanda. Nilikuwa msichana, nikibeba kata za mbege kuwapelekea wazee, na katika siku zote mbili sikusikia mzee hata mmoja akiuliza wale wanne walikula nini miaka kumi na miwili. Wifi yako amekaa miaka karibu mitano, ametuma hela zikarudishwa, na jina lake halitajwi jikoni.

Na kaka yako naye yuko wapi? Yuko Himo. Kutoka Himo hadi Moshi ni Hiace moja, haihitaji pasi ya kusafiria. Wewe ndiwe unayelipa kodi, wewe ndiwe unayekwenda kikao cha wazazi, na wala hujamwandika kama mzazi aliyeondoka. Umeandika tu kwamba malori ni kazi ngumu. Nadhani hata wewe hukuona ulivyoandika.

Haya, hiyo miaka saba. Hili nalisikia kila mwezi, na wanaume wengi wanalitembeza mjini kama vile wamelisoma mahali. Kinachosemwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Basi. Hakuna mahali iliposema akifika saba anakuwa mali ya baba. Akipita saba ile nafuu ya mama inaondoka, na wazazi wote wawili wanaanzia mstari mmoja, wanapimwa kwa jambo moja kuu: ustawi wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtanguliza mtoto. Mahakama inatazama masilahi ya mtoto, umuhimu wa yeye kuwa na mama yake, maoni yake kama ana umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na utulivu wa maisha aliyoyazoea. Mila ya ukoo hakimu anaruhusiwa kuitazama, ni kweli, lakini inakaa kama kitu kimoja kati ya vingi. Kihamba kitamngoja mtoto hata akilelewa Sakina. Migomba haihami.

Kuna kitu kwenye kifungu hicho hicho cha 125 ambacho wifi yako naye hatakipenda: hakimu anatakiwa afikirie madhara ya kumbadilishia mtoto mahali pa kuishi ghafla. Mdogo hamjui kabisa. Kumtoa Pasua Jumatatu akalale Sakina Jumanne na mwanamke aliyemwona getini mara moja, hiyo ni ile Januari 2020 inarudiwa, ila safari hii analilia wewe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa nadhani hujafika kifikra. Unaandika kana kwamba wifi akishindwa watoto wanabaki kwako. Hawabaki kwako. Kesi ni ya kaka na wifi. Kaka akishinda, karatasi ya mahakama itasema watoto ni wake kuwalea, na siku mke wa Himo atakapohitaji msichana wa kumbebea maji na kumshikia mtoto, mkubwa atafuatwa kwa bodaboda na wewe hutakuwa na neno. Unakwenda kuapa uongo ili umpe watoto mtu ambaye hajawalea, mwenye mkono unaoufahamu.

Sheria ya Mtoto inamruhusu ndugu anayemlea mtoto naye kuiomba mahakama haki ya malezi. Sikuambii lazima ufanye hivyo. Nakuambia una mahali pa kusimama ambapo si nyuma ya kaka wala nyuma ya wifi. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ofisini kwao, kabla ya tarehe. Yeye ndiye mahakama itakayemtaka achunguze na kuandika taarifa ya maisha ya watoto, na atapita kwako, atakwenda Himo, na Sakina pia itaangaliwa. Usimngoje aje akukute umeandaliwa maneno na kaka. Mpelekee kadi ya kliniki ya mdogo, ripoti za shule, risiti za kodi kama unazo, na mwambie yote, pamoja na hela ulizopokea na simu iliyobamizwa. Hapo Moshi mjini kuna shirika la KWIECO ambalo limesaidia wanawake na watoto kwa mambo ya sheria miaka mingi. Kaa na msaidizi wao wa kisheria saa moja, uulize maswali yako yote hata yale unayoyaona ya kijinga. Na usiogope kutazamwa na mtaa mzima: kesi ya Mahakama ya Watoto inasikilizwa faragha, wanajumuiya hawatakaa kwenye mabenchi.

Je, anastahili? Umeniuliza, nami sitakwepa. Anastahili kuwa mama yao tena. Kupewa watoto mwezi ujao, hapana, na ningekuwa shangazi yake ningemwambia hivyo usoni. Mkubwa yuko darasa la saba, ana mtihani Septemba. Asihamishwe hata kwa siku moja kabla hajaweka kalamu chini. Lakini kuonana kuanze sasa, na hakimu anaweza kuamuru kuonana hata kabla hajaamua nani alee. Jumapili baada ya misa, kwako, wewe ukiwepo. Mara ya kwanza saa moja, mara ya pili chakula cha mchana, ya tatu aende nao mjini wakale chipsi bila wewe. Likizo ya Desemba wiki moja Arusha, wote wawili pamoja, siyo mmoja mmoja. Januari mkubwa anaingia kidato cha kwanza, hapo ndipo mnaweza kuzungumza nani anaishi wapi, na yeye mwenyewe aulizwe na asikilizwe. Uamuzi wa malezi si kaburi. Hali ikibadilika mtu anarudi mahakamani na kuomba ubadilishwe. Na popote watakapolala, kaka yako wajibu wa kuwatunza haumtoki. Hilo mwambie kabla hajatuma mtu mwingine akuite msaliti wa damu.

Wewe je? Najua. "Ananiita mama," umeandika, ukaendelea na sentensi nyingine haraka. Mtu akishafundisha mtoto kutembea haambiwi "asante kwa kunishikia". Wifi yako alikuachia mtoto kama anavyoacha mtu ndoo bombani, na anapaswa kukulipa kwa kukuomba msamaha wewe kabla ya wote, kabla hata ya kaka. Kama ana akili atajua hivyo. Kama hana, mwambie. Umempa chakula mwanawe, unaweza pia kumpa na maneno makali. Ila mpe yeye, usimpe mtoto.

Nimebakiza lile kaburi.

Mwanangu, nimeandika safu hii muda mrefu na sijawahi kupata swali lililonikalia vibaya kama la huyo mdogo. Yeye amefanya kazi nzuri kabisa ya akili. Anajua kwetu mlimani mtu akifa analala kihambani, akaenda kutafuta, akasoma herufi moja moja, akakuta mmoja amekosekana. Mtoto huyo tayari anajua kuna uongo, hajajua tu ni wa nani. Na mahakamani mambo haya yatatajwa, au mtoto wa jirani atamwambia, au wifi atachoka kusimama getini na kupaza sauti. Ni lazima asikie kutoka kwako, na asikie wiki hii.

Usiite kikao. Usimngoje mama yako akubali, hatakubali. Chagua jioni mkiwa mmekula, mkubwa awepo, maana amebeba siri hii tangu akiwa mtoto mdogo na anahitaji kuiona ikishushwa mbele ya macho yake. Mwambie kwa maneno mafupi. "Uliniuliza kaburi la mama aliyekuzaa. Halipo, kwa sababu hajafa. Sisi wakubwa tulikudanganya, tukakosea, na mimi naomba unisamehe. Alikwenda mbali kufanya kazi. Amerudi, na yule uliyemwona getini ndiye." Halafu funga mdomo. Usiongeze kwamba alikuacha unanyonya, usiongeze kwamba alipigwa. Akiuliza kwa nini aliondoka, mwambie hilo atakueleza mwenyewe na wewe utakuwepo. Akiuliza "na wewe je?", na atauliza, jibu ni kwamba wewe huendi popote. Anaweza kukasirika, anaweza kukojoa kitandani mwezi mzima. Anaweza pia kusema sawa akaomba kwenda kucheza, na wewe ukabaki unatetemeka na sufuria mkononi.

Mama yako mzee na wazee wengine utawakabili baadaye. Sisi wa mlimani tuna jani la isale, la kuombea msamaha, na unajua kwamba mtu akija nalo mkononi humrudishi mlangoni hata ukiwa na uchungu wa namna gani. Katika ukoo wenu naona yanahitajika majani mawili. La wifi kwa mama mkwe wake, sawa. Lakini la kwanza linatoka Himo, kwa ajili ya mkono, na mpaka kaka yako atakapolichuma sioni nani hapo Kibosho ana uso wa kumkalia mwanamke huyo kikao.

Kuhusu mkubwa. Umepiga ile namba kwa simu ya jirani, kwa hiyo mmefichana wawili ndani ya chumba kimoja, yeye anaficha kwamba anaongea na mama yake na wewe unaficha kwamba unajua. Usimsute. Usiitoe ile karatasi kwenye kitabu. Jioni ile mkishamaliza na mdogo, mpe simu yako, mwambie apige kwa sauti, hapo hapo sebuleni.